Pilau shimoni, watoto getini

Mhariri,

Gazeti lako nalisoma tangu enzi tukilisubiri stesheni siku ya treni, na sijawahi kukuandikia. Ila makala yenu ya "frigani", wale vijana wa Marekani na Ulaya wanaookota mikate kwenye mapipa ya supamaketi kwa kuchukia ufujaji, imenishinda. Mwandishi wako anashangaa hadi anatia huruma. Angepita soko la Mwanga jioni angekuta akina mama wanachambua masalo ya nyanya, wanakata palipooza, wanakwenda kupika. Hakuna aliyewapiga picha.

Wafujaji tunao, na mimi nilikuwa kamati yao. Harusi ya mpwa wangu, hapa hapa Kigoma, tulichangishana hadi tukakosana, kisha wageni wakaja nusu. Saa sita usiku mpishi akaanza kumwaga pilau kwenye shimo nyuma ya ukumbi. Masufuria mawili, nyama juu, upawa haujagusa! Watoto wako getini na vikopo, mlinzi anawafukuza kama mbuzi. Nikasema niwapakulie. Mpishi akanijibu, "Mzee, wakiharisha utawatibu wewe?" Nusu saa kabla, pilau ile ile alikuwa anawapakulia wa meza kuu! Nikachukua ndoo iliyokuwa na barafu ya soda, nikachota, nikatoka nayo getini na suti yangu ya kuazima. Shemeji zangu mpaka leo wananiita Mzee Makombo.

Na dagaa je? Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kuvua miezi mitatu, tangu 15 Mei hadi 15 Agosti, samaki wazaliane. Sawa, tukala maharage. Likafunguliwa, mvua zikaanza, na dagaa tuliowapisha wazaliane wakatuozea mchangani, maana vichanja vya kuanikia ni vya kuhesabu. Tunawalinda majini, tunawatupa nchi kavu.

Ufaransa tangu 2016 sheria inakataza supamaketi kubwa kuharibu chakula kisichouzika ambacho bado kinalika. Sisi tuna kumbi. Anayetoa leseni ya ukumbi adai ndoo kumi zenye mifuniko na bodaboda mmoja, pilau iondoke kabla ya saa nne usiku ikiwa bado ya moto. Kama hilo ni zito, basi kadi za mchango ziwe za aina tatu: singo, dabo na shimo, tujue mapema tunamchangia nani.

Mzee Makombo,
Mwanga, Kigoma