Kaburi la Dowlish Wake

Mwanangu,

Uliniuliza kwenye simu nilifuata nini Dowlish Wake siku yangu ya mapumziko. Nilifuata kaburi, mama. La John Hanning Speke, yule Mwingereza aliyeliita ziwa letu kwa jina la malkia wake.

Kijiji kiko Somerset, karibu na Ilminster, na ukisinzia kwenye basi kinakupita. Nyumba za mawe ya rangi ya asali, kijito, na daraja jembamba lililojengwa kwa ajili ya farasi wa mizigo. Magari hayalipiti, yanakata maji pembeni. Nilisimama nikatazama gari la posta likivuka taratibu kama ng'ombe anayeogopa matope. Wake ni jina la ukoo uliomiliki ardhi zamani. Baadaye wakaja akina Speke, na baadhi yao wamechongwa kwa mawe kanisani, wamelala chali. Kuna pia familia inayotengeneza pombe ya matofaa tangu 1920. (Sikuonja. Mjomba wako hataamini.)

Huyu Speke wetu amechongwa kichwa na mabega. Alifika Mwanza tarehe 3 Agosti 1858, akitokea Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, alikomwacha msafiri mwenzake, Burton, akiwa mgonjwa. Wenyeji walisema Nyanza, yeye akaandika Victoria. Tarehe 15 Septemba 1864, akiwinda ndege huko Wiltshire, risasi ya bunduki yake mwenyewe ikamuua, kesho yake akiwa anangojwa Bath kubishana na Burton hadharani juu ya chanzo cha Nile. Alikuwa na miaka 37. Akaletwa kuzikwa kwao, na Livingstone akahudhuria.

Nilichokuwa nakitafuta hasa ni jina la Sidi Mubarak Bombay. Myao, alitekwa akiwa mtoto, akauzwa, akapelekwa India, akarudi Zanzibar akiwa huru. Alikuwa na Speke siku ile ziwa lilipoonekana, akaenda naye tena safari iliyofuata. Nilizunguka kuta zote, sikuliona. Ila miwani niliisahau nyumbani, kwa hiyo siapi.

Mama mmoja aliyekuwa akipanga maua akaniuliza kama nami nimekuja kumtembelea Speke, kama wageni wengine. Nikamwambia natoka Mwanza, yeye ndiye aliyeanza kututembelea. Akacheka mpaka akaweka maua chini, kisha akaenda kunichemshia chai.

Msalimie bibi. Mwambie goti limepoa.

Baba yako