Lakrosi: Tuleteeni neti, mipira na vifaa vya kipa

Mhariri,

Nimesoma gazeti lenu miaka mingi bila kuwaandikia hata mstari mmoja, lakini ile ripoti ya ukurasa wa michezo kuhusu lakrosi, mchezo wa kudaka na kurusha mpira kwa gongo lenye neti kichwani, "kushika kasi mashinani" imenishinda. Picha kubwa ya mgeni wa heshima ameshika gongo kichwa kikiwa chini kama jembe, wanafunzi wanapiga makofi, na idadi ya magongo yaliyotolewa imeandikwa kwa herufi nzito. Mwandishi wenu hakuuliza magongo hayo yatakuwa wapi muhula ujao. Yatakuwa stoo, pamoja na meza zilizovunjika miguu.

Nilikuwepo katoni ya magongo ya msaada kama hayo ilipofunguliwa katika shule moja ya wasichana kaunti hii. Wafadhili siwataji. Magongo 20, nusu ya kiume na nusu ya kike, yamechanganywa. Gongo la kiume lina mfuko wa neti wenye kina na haliruhusiwi kabisa katika mechi ya wanawake; refa anayeijua kazi yake akikagua, magongo 10 yanakaa benchi. Katika mchezo wa wasichana mpira ukitulia kwenye mfuko lazima uonekane juu ya ukingo wa kichwa. Gongo la kipa, lenye kichwa cha upana wa sentimita 25 hadi 30, halikuwemo. Kofia ya kipa pia haikuwemo. Mipira ilikuwa sita, mizee. Hotuba zilichukua saa mbili.

Neti ndiyo roho ya gongo, na neti hufa kwanza. Mvua inailegeza, jua linaikausha, murram inaisaga kila mchezaji anapozoa mpira chini. Sasa anayeweza kufunga mpya ni nani? Si kazi ya ajabu, lakini lazima mtu afundishwe. Neti ya nailoni ya kawaida ina macho 10 kwa upana. Unakunja safu ya juu na kuishona kwenye mdomo wa kichwa kwa kamba ya juu, halafu unashuka na kamba mbili za pembeni ukihesabu macho ya neti na matundu ya kichwa. Jicho la tatu likiingia tundu la nne kulia, na kushoto iwe vivyo hivyo, la sivyo mpira utatoka umepinda maisha yake yote na mtoto atalaumiwa kwamba hana shabaha. Kamba ya chini ndiyo inayopanga kina cha mfuko. Mwisho ni kamba za kurushia, mbili au tatu, zinazokatiza neti karibu na mdomo. Sukuma mpira ndani mpaka mfuko ushike umbo, kisha nenda ukutani ukarushe. Mpira ukipiga chini kila mara, legeza kamba za kurushia, ukipaa, zikaze. Uzi wa nailoni wa fundi viatu unafaa kwa kamba za pembeni wakati wa dharura ukiukunja mara mbili. Nyavu za samaki msituletee: mafundo yake yanaukwamisha mpira na macho yanavutika vibaya. Na stoo ya mabati yenyewe ni adui, kwa sababu kichwa cha plastiki kikishinda kwenye joto hilo kimebanwa chini ya mzigo kinapinda, na kilichopinda hakinyooki tena. Halafu kuna ile skrubu moja ndogo inayoshikilia kichwa kwenye mti, yaani mpini wa gongo. Ikipotea, kichwa kinazunguka kila mara mchezaji akipokea pasi. Tepu ya umeme inasaidia dakika tano. Kifuniko cha raba cha mwisho wa mti kikitoka, bomba la aluminiamu linabaki wazi na linakata kama kisu, kwa hiyo gongo hilo halichezwi.

Mipira nayo. Mpira halali ni wa raba iliyojaa ndani, gramu 142 hadi 149, na ukizeeka ngozi yake inalainika, inateleza, halafu raba yenyewe inakuwa ngumu kama jiwe la mtoni. Mpira wa tenisi ni mzuri kwa wiki za kwanza, maana haumuumizi mtu, lakini haufiki nusu ya uzito huo na unaruka nje ya mfuko, hivyo mtoto anajifunza kukumbatia gongo badala ya kulichezesha mikononi. Akizoea hivyo, kumrekebisha ni kazi. Magoli ya mita 1.83 kwa 1.83 mafundi wa jua kali wanachomelea vizuri tu. Shida ni wavu. Wavu wa soka una macho makubwa kuliko mpira wa lakrosi, mpira unapita moja kwa moja, na nusu ya mechi inaishia kwenye ubishi kama lilikuwa goli. Tundikeni nyavu mbili zilizopishana.

Kuhusu kipa sitanii. Wasichana wengine wanaweza kuanza na kinga ya meno na sheria za kutogusana miili. Kipa hawezi. Anahitaji kofia yenye chuma mbele, kinga ya koo na kinga ya kifua, kwa sababu pigo la kifuani likiangukia sekunde mbaya linaweza kusimamisha moyo wa kijana mzima asiye na ugonjwa wowote. Ukiona timu inafanya mazoezi ya kurusha golini na kipa amevaa kofia ya baiskeli, simamisha mazoezi.

Na viwanja? Lakrosi ya wachezaji sita, itakayochezwa Olimpiki ya Los Angeles 2028, inataka mita 70 kwa 36 tu. Theluthi ya uwanja mkubwa wa soka na kidogo. Hata hizo hatuzipati, kwa sababu uwanja wa shule umekodishwa kwa harusi Jumamosi na kwa mkutano wa siasa Jumapili, na Jumatatu watoto wanaokota vigingi vya hema na mifuniko ya soda kwenye nyasi. Mheshimiwa aliyehutubia hapo ndiye yuleyule anayekuja kukabidhi magongo.

Mliandika pia kwamba mchezo huu "ulibuniwa katika vyuo vya Marekani". Hapana. Ni mchezo wa Haudenosaunee na mataifa mengine ya wenyeji wa Amerika Kaskazini, ulichezwa karne nyingi kabla ya daktari wa meno wa Montreal, George Beers, kuuandikia sheria mwaka 1867. Timu ya wanaume ya Haudenosaunee imetwaa shaba ya dunia 2014, 2018 na 2023. Wala Afrika Mashariki haikuanza juzi: Uganda ilicheza mashindano ya dunia ya wanaume kule Denver mwaka 2014, na wasichana wa Kenya walikuwa Peterborough, Kanada, mwaka 2019 kwenye mashindano ya walio chini ya miaka 19. Hata huko wasichana wetu walisaidiwa viatu vya kuchezea na timu pinzani. Hayo yote hayakuonekana katika ripoti yenu iliyojaa neno "kwa mara ya kwanza".

Pendekezo langu ni dogo. Siku nyingine mkialikwa kwenye hafla ya namna hiyo, mwandishi wenu ahesabu neti za akiba, si magongo. Tunataka mbili kwa kila gongo, katoni ya mipira 120, na mfuko wa skrubu. Aulize jina la fundi wa neti wa shule. Kisha mgeni wa heshima aombwe kukaa golini robo moja ya dakika 8, akiwa amevaa vifaa vya kipa alivyovileta yeye mwenyewe na si zaidi. Watakaorusha ni wasichana wa kidato cha tatu, nao hawalengi pembeni.

Kocha wa kujitolea,
Machakos