Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: printa, vitabu 11 na mikono ya kuchapa

Wazee wetu shikamooni, wengine wote habari za siku nyingi. Taarifa hii ya chama chetu cha wasioona ilitakiwa iwafikie wiki mbili kabla ya mkutano, imechelewa, na kosa ni langu, msimsumbue katibu. Naiandika kwa simu, nusu naongea nusu nabonyeza, kwahiyo mkikuta neno limekwenda upande mjue simu nayo ina maoni yake. Itatumwa kwa maandishi na kwa sauti. Wale mliozoea kupata yenu kwa nukta nundu, maandishi ya kupapasa kwa vidole, mtaipata mkononi siku ya mkutano, nimeitoboa mwenyewe kwa mashine ya Perkins, na kwanini nimetoboa kwa mkono wakati chama kina printa ndo naanza nayo hapo.

Printa basi. Mwaka juzi hapahapa Tanga ni mimi niliyesimama nikasema chama cha wasioona kisicho na printa yake ya nukta nundu ni kama mvuvi asiye na ngalawa, mkapiga makofi, akiba yetu ya ada ikatoka, ule mchango tuliopewa ukatoka, tukanunua ya mtumba. Imefanya kazi wiki tano. Wiki ya sita tukatoa hadithi ya watoto, nikapitisha vidole nikaona mbona Kiswahili hiki sikijui, baba yupo salama kabisa ila kila penye mama pameandikwa caca na kaka amekuwa aaaa. Wanaosoma nukta nundu mshaelewa, nukta ya 3 kati ya nafasi sita za kila herufi ilikuwa haitoki, ile ya chini kushoto, na ukiitoa hiyo m inabaki c, k inabaki a, l inageuka b, s inageuka i. Tulicheka siku hiyo. Baadaye hatukucheka, maana aliyetuuzia akasema kipuri lazima kiagizwe nje, mara tuipeleke printa Dar kwanza ikaguliwe, tukaipeleka, ikarudi vilevile na nauli tumelipa kwenda na kurudi. Sasa hivi iko ofisini imefunikwa kitenge.

Na hata ingekuwa nzima, ndugu zangu, tulikuwa hatujapiga hesabu ya karatasi. Nukta nundu haikai kwenye karatasi hizi za kawaida za fotokopi, ukizipangusa mara mbili nukta zimelala, inataka karatasi nzito, na ukurasa mmoja wa kitabu cha kawaida unatoa kurasa mbili mpaka tatu za nukta nundu. Kitabu cha kurasa 200 kinakuwa juzuu tano, sita, kila moja nene kama mto wa kulalia. Hilo nililijua tangu nasoma shule ya wasioona, tulikuwa tunabeba biolojia kwa zamu, wewe juzuu ya kwanza mimi ya pili, sasa sijui kwenye ule mkutano akili yangu ilikuwa wapi. Nilitaka tuwe na mashine. Nimekosea, naomba radhi, na kama kuna mwenye swali la printa aniulize mimi, asimuulize mhazini aliyekuwa anasema tangu mwanzo tusubiri.

Haya. Sasa kilichotubeba mwaka huu hakikuwa printa, walikuwa watu wanne na laptopu mbili. Wanafunzi wawili wa chuo, mwalimu mmoja mstaafu, na dada mmoja anayekaanga vitumbua asubuhi na kutuchapia mchana. Hawa ndo wametoa vitabu 11 vya shule kwa mwaka mzima, faili safi ambazo mtu anafungua kwenye simu yenye TalkBack au kompyuta yenye NVDA, programu zinazosoma kwa sauti yaliyo kwenye kioo, zikasomeka mwanzo mwisho. 11 ni kidogo, ndio, najua kuna mtu hapo anaguna. Ngoja nieleze kazi yenyewe ilivyo maana wengi mnadhani ni kuskani tu ukamaliza.

Unapiga picha kila ukurasa. Ukiishia hapo una PDF ya picha, na PDF ya picha kwa mtu asiyeona ni karatasi nyeupe, simu inafika pale inanyamaza kimya kabisa au inakutajia namba ya ukurasa halafu basi, na hizi ndo tunazotumiwaga na watu wema kila siku, "nimewatumia vitabu mia", asante sana ila ni picha mia. Kwahiyo lazima programu ya kutambua herufi ipite juu ya ile picha igeuze kuwa maandishi. Nayo ikikutana na Kiswahili inachanganyikiwa, ng'ombe anakatwa katikati, r na n zikikaa karibu zinageuka m, majedwali yanamwagika yote safu ya kwanza ikaingia ya tatu. Hapo ndo mtu anakaa na kitabu kulia na laptopu kushoto anasahihisha mstari kwa mstari. Halafu vichwa vya habari lazima viwekwe kama vichwa vya habari kweli, siyo kukoleza wino tu, ili mtoto aweze kuruka kutoka sura ya 2 kwenda ya 7 bila kusikiliza kila kitu. Halafu picha. Mwalimu wetu mstaafu alikaa mchana kutwa na mchoro wa jicho la binadamu, anatakiwa amweleze kwa maneno mtoto asiyeona jicho lilivyo ndani, akanipigia simu akaniuliza mwenyekiti nianzie wapi. Nikamwambia anzia swali la mtihani linauliza nini, uje nyuma. Ameandika vizuri sana, mimi mwenyewe umri huu ndo nimejua kiini cha jicho na retina vimekaa vipi.

Hii NVDA wengine mnaniuliza bei, haina bei, ni ya bure, ilianzishwa 2006 na vijana wawili wasioona wa Australia kwa sababu zile programu nyingine zilikuwa zinauzwa ghali kuliko kompyuta yenyewe. Inakuja na sauti inaitwa eSpeak ambayo Kiswahili inakijua, inaongea kama mtu mwenye mafua lakini inakijua. Tatizo la wengi wenu ni kwamba mmeacha sauti ya Kizungu inasoma Kiswahili halafu mnalalamika haieleweki. Badilisheni lugha ya sauti. Vijana wetu watakuwepo mkutanoni saa nzima kabla ya kuanza, leteni simu zenu.

Limekuja swali, na limekuja kwa ukali kidogo kwenye grupu, kwamba je, hatuibi kazi za watu? Jibu naomba lisikike vizuri. Kuna Mkataba wa Marrakesh, ulipitishwa tarehe 27 Juni 2013 kule Morocco, ukaanza kufanya kazi 2016, na Tanzania imejiunga 2020, wenzetu Kenya walitangulia 2017. (Stevie Wonder, yule mwanamuziki asiyeona, alikuwa amewaahidi wajumbe kwamba wakikubaliana anakwenda kuwaimbia, wakakubaliana, akaenda akawaimbia, basi tunamdai asante.) Mkataba unataka sheria za nchi zitoe nafasi ya kugeuza kitabu kilichochapishwa kiwe cha nukta nundu, cha sauti au faili inayosomeka, bila kwenda kumpigia magoti mwenye hakimiliki, ilimradi kinawaendea walengwa na hakifanyiwi biashara. Na nchi mbili zilizojiunga zinaweza kupeana, kwahiyo kitabu kilichoshaandaliwa Nairobi hakuna haja sisi tukiandae upya Tanga. Kabla ya hapo ilikuwa kila nchi inarudia kazi ileile, watu wanachapa kitabu kimoja mara kumi huku vingine maelfu havijaguswa.

Na walengwa siyo sisi tusioona peke yetu. Kuna mzee aliomba kujiunga, macho yake mazima lakini kiharusi kimemchukua mikono, hawezi kushika kitabu wala kugeuza ukurasa, baadhi yenu mkasema huyu siyo wa kwetu. Ni wa kwetu. Mkataba umemtaja, mtu mwenye ulemavu wa mwili unaomzuia kushika kitabu, na yule ambaye herufi zinamchezea kichwani kila akisoma ingawa hana shida ya macho, wote wamo. Mzee tumempokea na mpaka sasa ndo mwanachama anayemaliza vitabu haraka kuliko wote, anadai vingine kila Jumatatu.

Ila sasa tukubaliane, kama tunataka kuheshimiwa. Mwezi wa sita faili yetu moja ilikutwa inachapishwa na kuuzwa stationari kwa wanafunzi wanaoona, ilitoka kwa mwanachama wetu, alimpa binamu yake. Nimeongea naye, ameelewa, jina silitaji. Lakini hili likirudi mara ya pili tutamuondoa mtu kwenye orodha ya kupokea faili, kamati imeshapitisha. Mlango huu umefunguliwa kwa ajili ya watu wasioweza kusoma chapa ya kawaida, tukiugeuza duka utafungwa na tutaanza kulalamika.

Vitabu vya sauti viliendelea. Chumba cha kurekodia bado ni kilekile chenye magodoro ukutani, jogoo wa jirani bado anashiriki, kwenye riwaya moja amewika sehemu ambayo kwa kweli imependeza. Wasomaji wa kujitolea wamepungua baada ya mwezi wa Ramadhani, tunahitaji sauti hasa za kina mama.

Hapo sasa ndo pana ugomvi wetu wa mwaka. Kuna wanaosema tuachane na nukta nundu, zama zake zimepita, sauti na simu zinatosha. Nimewasikiliza, na kwa mtu aliyepoteza uoni ana miaka 60 sina la kumbishia, asikilize tu, vidole vya uzeeni kujifunza nukta ni kazi. Lakini kwa mtoto, hapana. Kijana mmoja mzuri sana, kasoma kwa kusikiliza tangu darasa la tatu, alituletea barua ya kuomba nafasi kwenye kamati, ameandika "hasante" na "asubui" na "anae hitaji", kila neno limekatwa anapovuta pumzi. Kiswahili tunasema kinaandikwa kinavyotamkwa, sawa, kinavyotamkwa na nani? Huku kwetu h inakuja na kuondoka itakavyo. Mtu ambaye hajawahi kuligusa neno hajui linaanzia wapi linaishia wapi. Na Kiingereza ndo usiseme, na hesabu je, sehemu juu ya sehemu ndani ya mabano, nani atazishika kwa sikio? Yule bwana Louis Braille alizitoa nukta zake sita kwenye kitabu 1829 akiwa na miaka 20, wakati huo shule yao ilikuwa na vitabu vichache vya herufi kubwa zilizovimbishwa, unazipapasa moja moja mpaka uchoke, na kuziandika mwenyewe huwezi. Nukta ndo zilimpa mtu asiyeona kuandika na kujisomea alichoandika. Sauti haikupi hilo. Tarehe 4 Januari tulipofanya siku yake na watoto, mmoja akauliza huyu Braille alikuwa anatumia simu gani. Nilikosa jibu kwa muda.

Na pia nukta nundu ina adabu zake. Juzuu zile nane tulizoazimisha kwa familia moja zimerudi laini kama karatasi ya kufungia maandazi, zilikuwa zimelazwa chini ya gunia la mchele. Kitabu cha nukta nundu kinasimamishwa, hakilazwi, hakiwekewi kitu juu. Unyevu wa hapa pwani peke yake unatosha kukimaliza.

Hesabu za fedha mhazini atazisoma zote, mimi nasema mbili tu. Ada zimelipwa na nusu ya wanachama hivi, nusu nyingine mnajijua. Na ofisini tumebakiwa na hela ya kutengeneza printa au ya kuwalipa posho wachapaji wawili kwa miezi sita, siyo vyote viwili. Mapendekezo ya kamati ni wachapaji. Hadi sasa wanafanya bure, yule dada akichapa mchana mzima kesho yake hana unga wa kukaangia, na nimeona aibu kumwambia asante kwa mdomo mwaka mzima. Faili ikishakuwa safi inaweza kusomwa kwa simu leo, ikatolewa nukta nundu kesho kwenye printa ya mtu mwingine, ikakuzwa maandishi kwa wenye uoni hafifu keshokutwa. Printa isiyo na faili safi inatoa caca. Wanaotaka printa itengenezwe waje na hoja zao na makadirio ya bei ya fundi, mtapewa nafasi, kura itapigwa kwa kunyoosha mkono na katibu ataita majina kwa sauti ili kila mtu ajue aliyenyoosha ni nani.

Uchaguzi ni wa nafasi tatu, na ya kwangu imo. Sijasema nagombea wala sijasema siigombei.

Mkutano ni pale pale Ngamiani, saa tatu asubuhi, wanaotoka mbali nauli ya bajaji kutoka stendi itarudishwa mkifika na siyo kabla. Memori kadi za chama zipo nje 19 na zilizorudi ni 6. Zileteni, hata kama mmeweka taarabu juu yake, tutaifuta sisi.