Watoto wa huku Kange wacheze wapi jamani?

Ndugu Mhariri, salaam na pole na kazi. Naomba kanafasi kwenye barua za wasomaji nitoe dukuduku langu kuhusu viwanja vya watoto hapa Tanga, na nikisema Tanga simaanishi kule mjini kwenye saa ya Mjerumani, namaanisha sisi wa huku pembeni, Kange, Magaoni, Mikanjuni, Pongwe na kwingineko, ambako kila ukiamka kuna msingi mpya umechimbwa, watoto wapo kibao ila sehemu ya kuwaachia wacheze hamna.

Najua kuna mtu atasema mbona bustani ya Jamhuri ipo. Ipo, na mimi naipenda kweli, upepo wa bahari unakupiga, Kisiwa cha Toten unakiona kile pale, meli zimetia nanga, mnara wa saa upo tangu 1901, unakaa zako watoto wanakimbizana mpaka adhana ya magharibi. Sina ugomvi na bustani, ugomvi wangu ni namna ya kufika. Watoto watatu huwezi kuwapakia bodaboda kama una akili zako, kwa hiyo ni bajaji kwenda na bajaji kurudi, mkifika wanataka lambalamba, wanataka mihogo na kachori, mwingine analilia puto, hujakaa sawa hela ya mboga imeisha yote na bado hamjarudi nyumbani. Matokeo yake tunaenda Idi, tunaenda labda na mwaka mpya, basi. Sasa mtoto gani anacheza kwa kusubiri mwezi uandame?

Halafu angalieni muda wenyewe. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa miaka 5 mpaka 17 apate kwa wastani angalau dakika 60 kila siku za kukimbiakimbia mpaka ahemewe, na wale wadogo wa mwaka mmoja mpaka minne wanatakiwa wawe kwenye mwendo dakika 180 kwa siku, yaani masaa matatu, kwa hao wadogo sio lazima yawe mfululizo. Nimesema kila siku, sio kila sikukuu. Mtoto wa huku kwetu anatoka shule mchana, anakula, anabadili nguo anaenda chuoni kwa ustadhi, akitoka huko ni alasiri imeshapita, kamuda kake ka kucheza ni hako tu mpaka magharibi aingie ndani aoge. Kwenye kamuda hako hakuna wa kumpeleka mjini na kumrudisha. Kwa hiyo mimi ninavyoona kiwanja cha mtoto ni kile ambacho wa miaka saba anafika kwa miguu yake, bila kuvuka barabara kuu ya Segera yenye mabasi na malori ya mizigo, na mama akisimama uani akiita anasikika. Cha kupandia bajaji hicho ni cha matembezi, kizuri sana, ila ni kitu kingine.

Kwa sasa wanacheza wapi? Wavulana wanapiga chandimu katikati ya njia, mawe mawili ndio goli, pikipiki ikija wote wanapisha halafu wanarudi, dereva naye anatukana anapita. Wengine wapo kwenye mapagala ya watu, humo kuna misumari, chupa, nyoka na vyote mnavyovijua. Wengine wanaenda kwenye mashimo yaliyochimbwa mawe na kifusi, na hapa ndipo moyo wangu unapokosa amani kabisa maana masika ikishaingia yale mashimo yanajaa maji na mtoto haoni shimo, anaona swimingi. Na wasichana ndio kabisa, rede inataka nafasi, nage inataka nafasi, kombolela inataka pa kujificha penye usalama, kaka zao wanaweza kwenda kutafuta uwanja hata mtaa wa tatu lakini binti tunamwambia usitoke hapo barazani, basi anakaa barazani na simu ya mama yake mpaka chaji iishe. Tunasema watoto wa siku hizi wamezidi simu, sawa, lakini tumewaachia nini kingine?

Wazee wengine wakisikia haya wanacheka, wanasema sisi mbona tulicheza popote na hatukujengewa bembea. Ni kweli shikamoo zenu, lakini wakati wenu huku kulikuwa mikonge na minazi na mashamba ya mihogo, gari likipita mnalikimbilia kulishangaa. Sensa ya 2012 jiji zima lilihesabiwa watu 273,332 na tokea hapo tumeongezeka sana, bandari imepanuliwa, na bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima Uganda, kilomita 1,443, mwisho wake ni hapa hapa Chongoleani. Watu wanakuja na wanataka viwanja vya kujenga. Ule msemo wa waja leo waondoka leo umeshapitwa, siku hizi wakija wananunua futi hamsini kwa mia na kupiga fensi siku hiyo hiyo. Sisemi vibaya, na mimi mwenyewe sikuzaliwa Kange. Ila ardhi ya watoto isipotengwa sasa hivi wakati bado kuna vichaka, baadaye itabidi kubomoa nyumba ya mtu, na hakuna atakayethubutu.

Mtaani kwetu tulikuwa na kieneo, sio kikubwa, kina mwembe mmoja na nyasi zake, na waliokuwepo wakati wa kupima wanasema kwenye ramani kiliwekwa kama eneo la wazi. Watoto ndio walikuwa wamiliki. Siku ya siku tukaona mambo (vile vigingi vya kupimia, sio mambo ya kawaida), kesho yake tofali, wiki inayofuata fensi. Tukauliza. Ofisi ya kwanza ikatupeleka ya pili, ya pili ikasema mwenye faili yupo safari, mwenye faili akarudi akasema nyie mna uthibitisho gani. Sitaji ofisi wala mtu maana sitaki kesi, na pengine huyo aliyejenga aliuziwa kwa nia njema. Lakini uthibitisho anao nani kama sio wenye ramani? Mama lishe wa Kange ataitoa wapi?

Na hapa ndipo sheria inaponichekesha na kunikera kwa pamoja. Sheria ya Mtoto Namba 21 ya mwaka 2009, kifungu cha 8, inampa mzazi na mlezi wajibu wa kumpatia mtoto chakula, malazi, mavazi, matibabu pamoja na chanjo, elimu na malezi, uhuru, na mwishoni ipo haki ya kucheza na kupumzika, imepangwa mstari mmoja na ugali na chanjo. Nchi yetu pia iliridhia mwaka 1991 ule Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa na ibara ya 31 inasema hilo hilo. Vizuri sana. Sasa mimi mzazi nimeambiwa nihakikishe anacheza, chakula nanunua, daftari nanunua, kiwanja nacho nikanunue?

Nilikuwa napitapita kwenye simu nikakuta habari ya Amsterdam kule Uholanzi. Baada ya vita ya pili ya dunia mji ulikuwa umechoka, hela ngumu, nyumba chache, watoto tele. Mwaka 1947 msanifu majengo mmoja anaitwa Aldo van Eyck akiwa kazini manispaa akatengeneza kiwanja kimoja kidogo cha watoto, shimo la mchanga, vyuma vya kupandia na kuning'inia, mabenchi na miti, mwisho. Hakutafuta eka kumi, alichukua vile vijieneo vya kona na mapengo yaliyobaki kati ya nyumba na nyumba. Wakazi wa mitaa mingine walipoona wakaanza kuandika barua manispaa na sisi tunataka, na mpaka kufika 1978 vilikuwa vimejengwa zaidi ya 700. Kilichonigusa ni hizo barua, maana ni watu wa kawaida waliochukua kalamu. Vijieneo vya kona hata sisi tunavyo, tena vingi vimegeuka jalala.

Sasa wagosi wenzangu msije mkadhani naomba yale madude ya plastiki ya rangi rangi kutoka nje. Kwa jua la Tanga kitu cha kwanza ni kivuli. Bembea bila kivuli saa tisa mchana ni kikaango, mtoto akikalia chuma anaruka mwenyewe. Ipandwe mikungu na miarobaini kwanza hata kabla ya kitu kingine chochote (mwembe ni mtamu ila msimu wake mawe yanaruka mpaka kwenye mabati ya jirani, tunajuana). Chini pawe na mchanga mwingi, sio zege, maana mtoto lazima aanguke. Vyuma navyo kwa hewa yetu ya chumvi vinaliwa na kutu upesi, na pembea iliyooza mnyororo ni hatari kuliko kukosa pembea, kwa hiyo mimi ningeona tutumie matairi ya zamani, magogo, na kamba za katani za kupanda na kuning'inia. Tunajiita mkoa wa mkonge halafu watoto wetu hawana hata kamba ya kurukia! Ndio, katani ikinyeshewa sana inaoza, kila baada ya muda lazima ikaguliwe na ibadilishwe, lakini fundi wa kuibadilisha yupo hapa hapa na bei yake sio ya kuagiza ng'ambo.

Wadogo wawe na upande wao mbali na wanaopiga mpira, hili naomba lisidharauliwe maana mpira wa kijana wa miaka kumi na tano ukimpata wa miaka mitatu ni hospitali. Benchi za akina mama ziangalie upande wa wadogo, sio ziangalie barabara. Choo kama hela haipo basi kiwanja kiwe karibu na msikiti, kanisa au shule ili waombe. Na usafi, mimi nashauri apewe mama mmoja auze bisi, maji na barafu hapo bila kulipia eneo, sharti lake afagie asubuhi na jioni, na kwa sababu riziki yake ipo pale macho yake yatakuwa pale. Wanaoogopa kwamba wavuta bangi watahamia, nawaelewa, ila hao jamaa hawapendi sehemu yenye akina mama, taa na kelele za watoto, wanapenda pagala, na mapagala ndiyo tuliyowajazia.

Kuna njia ya haraka zaidi ambayo wala haitaki bajeti kubwa. Shule zetu za msingi zina viwanja, baadhi vizuri tu na miti yake mikubwa, lakini wanafunzi wakishatoka geti linafungwa, na Jumamosi na Jumapili pale pamelala kimya huku watoto wale wale wa shule ile ile wapo barabarani nje ya ukuta. Kamati ya shule ikae na serikali ya mtaa, geti lifunguliwe kuanzia saa kumi jioni mpaka saa kumi na mbili, madarasa yafungwe, wazazi tupeane zamu ya kukaa pale. Walimu wanaogopa vioo kuvunjwa na maua kukanyagwa, wana haki, basi tukubaliane mapema mtaa utachangia vipi kikivunjwa kitu. Mimi zamu yangu nipo tayari hata kuanzia kesho.

Sehemu za kulipia zipo, kule Raskazone kuna kuogelea na bembea nzuri, mwenye uwezo aende, ni biashara za watu na hatuwezi kuwaambia watubebe bure.

Kwa hiyo kabla hata ya bembea ninachoomba ni ramani. Ramani ya mipango miji ya kila mtaa ibandikwe kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, maeneo ya wazi yaonyeshwe kwa rangi mtu yeyote aone, na pale penyewe pasimikwe kibao kinachosema hapa ni pa watoto, hapauzwi. Vile ambavyo bado havijavamiwa vianze na kibao hicho na miti, mengine yatafuata taratibu. Na kama kuna msomaji wa Duga, Nguvumali, Sahare au popote pale ambaye mtaa wao ulifanikiwa kuokoa kieneo, naomba aandike kwenye safu hii atuambie walianzia ofisi gani, barua waliiandikaje na nakala walimpa nani, maana akina mama wa huku tumeshajiorodhesha majina na tumekubaliana barua yetu iende mwezi huu kabla hicho kipande kilichobaki karibu na shule nacho hakijapigwa fensi.

Mama wa watoto watatu,
Kange, Tanga