Barua kwa wajukuu zangu mliomzuia mwenzenu kulia

Wajukuu zangu wa kiume, ninyi mnaokutana jioni kusoma falsafa kwenye simu zenu,

Nawasalimu nyote. Mimi ni mwalimu mstaafu, na moyo wangu hufurahi nikisikia vijana wakibishana juu ya Socrates na Kant. Ndiyo maana niliyoyaona msibani yameniuma sana. Mwenzenu alifiwa na mama yake. Jeneza lilipotolewa ndani akaanza kulia, na mmoja wenu akamshika bega akamwambia: "Jikaze, kuwa Mstoa. Kaisari wa Roma hakuwa mtu wa machozi." Kijana wa watu akajikausha pale pale. Tangu siku ile hazungumzi na mtu, nanyi mnamsifu kwamba amekomaa.

Nilinyamaza kwa sababu msiba si mahali pa kugombana. Sasa nasema: mlimwambia uongo.

Ustoa ni falsafa ya kale ya Wagiriki na Waroma, inayomfundisha mtu kuitawala nafsi yake. Kaisari mnayemtaja ni Marcus Aurelius, aliyetawala kuanzia mwaka 161 hadi 180. Alizika watoto wake wengi, na wakati wake tauni ilipukutisha watu katika dola yote. Maneno mnayotumiana kila asubuhi aliyaandika kwa Kigiriki, akijiusia mwenyewe, mengine akiwa vitani karibu na mto Danube. Mwandishi mmoja wa kale anasimulia kwamba Marcus alipofiwa na mlezi wake alilia, watu wa ikulu wakataka kumzuia. Antoninus Pius, baba yake wa kumlea, akawaambia wamwache awe binadamu, kwa maana falsafa na ufalme haviondoi hisia za mtu. Mbona hilo hamkulileta msibani?

Mtazameni na Epictetus, mwalimu wa Kistoa ambaye alikuwa mkali kuliko wote. Alizaliwa mtumwa, alikuwa kiwete, na baada ya kuachwa huru alifundisha Nicopolis, Ugiriki. Yeye hakuandika kitu. Mwanafunzi wake Arrian ndiye aliyetuhifadhia mafundisho yake. Alisema wazi kwamba mtu hapaswi kukosa hisia kama sanamu, bali atunze uhusiano wake akiwa mwana, ndugu, baba na raia. Katika kitabu chake kidogo, sura ya 16, anasema ukimwona mtu analia kwa huzuni usisite kumfariji kwa maneno, na ikibidi uomboleze pamoja naye. Anaongeza kwamba ujilinde usiomboleze moyoni. Kwa neno hilo la mwisho mimi sikubaliani naye. Lakini yule anayelia hakuambiwa hapo anyamaze. Seneca naye, Mstoa wa Roma, alimwandikia rafiki yake Lucilius, aliyekuwa amefiwa, kwamba macho yasiwe makavu wala yasifurike.

Na hata msingewasoma hao, mngekumbuka kwamba Mtume alimlilia mwanawe Ibrahim, na Yesu alimlilia rafiki yake Lazaro. Nendeni kwa mwenzenu leo. Kaeni naye, msimwambie chochote cha kishujaa. Mwacheni amtaje mama yake.

Sisi wazazi nasi tuna lawama. Baba akirudi nyumbani anauliza matokeo ya mtihani na ada, basi; mtoto akiwa na jambo moyoni analipeleka kwa mgeni wa kwenye simu anayeuza ugumu wa moyo kwa video za dakika moja. Tena fundisho lile la Epictetus, la kutenganisha yaliyo katika uwezo wetu na yasiyo katika uwezo wetu limegeuzwa pazia la kufichia uzembe wa wakubwa. Kijana hana kazi, anaambiwa atawale akili yake. Zahanati haina dawa, mgonjwa anaambiwa akubali hali. Wastoa waliihesabu haki kuwa mojawapo ya fadhila nne, pamoja na hekima, ushujaa na kiasi. Marcus mwenyewe aliandika kwamba lisilofaa mzinga halimfai nyuki. Mstoa anayenyamazia dhuluma hajamwelewa mwalimu wake.

Kuna la John Locke pia, mwanafalsafa wa Uingereza, maana mmoja wenu alidai ndiye aliyeupa ulimwengu haki ya mali. Kitabu chake cha mwaka 1689 kinasema mtu huimiliki ardhi kwa kuifanyia kazi, na ardhi ya wenyeji wa Marekani akaitaja kama ardhi iliyokaa bure. Fikra za namna hiyo zilifika hadi kwetu: malisho na mashamba yaliyopumzishwa yakahesabiwa kuwa ukiwa. Kenya, sheria ya ardhi ya mwaka 1915 iliiweka hata ardhi waliyokuwa wakiishi wenyeji mikononi mwa Mfalme wa Uingereza. Leo mfugaji bado anaambiwa kwamba eneo lake ni pori tupu. Anayemwambia hivyo pengine hajawahi kulisikia jina la Locke, lakini wazo ni lile lile, na linamfukuza mtu kwao.

Mengine kwa ufupi. Nietzsche, mwanafalsafa Mjerumani, mwaka 1882, aliyaweka maneno ya kifo cha Mungu kinywani mwa mwendawazimu sokoni, anayewapigia kelele watu ambao tayari hawaamini. Msiyatumie kumkejeli bibi anayekwenda kanisani. John Stuart Mill, mwanafalsafa Mwingereza, mwaka 1859, alitetea uhuru wa mtu asiyemdhuru mwenzake, lakini alisema pia kwamba anayepotea tumwonye na tumsihi, kwa hiyo ile "haikuhusu" yenu msimbandike yeye. Na mjue kwamba uhuru huo aliwanyima watu aliowaona hawajastaarabika, naye alikuwa mtumishi wa Kampuni ya India Mashariki, kampuni ya Waingereza iliyotawala India, kwa miaka mingi. Kant, naye Mjerumani, mwaka 1785, alikataza kumtumia mtu kama chombo tu. Anzeni na dada wa kazi ambaye hata jina lake hamlijui.

Kitabu kidogo cha Epictetus kina sura 53, nyingi hazijazi ukurasa. Kisomeni chote, kwa sauti, kwa zamu, mmoja akisoma wengine wakimkatiza kwa maswali. Nakala yangu ni ya Kiingereza. Nitawapa, na penye ugumu tutafasiri pamoja. Nipo nyumbani kila siku baada ya alasiri.

Babu yenu