Vichaka vya jangwani Dodoma: tupimieni udongo kwanza

Mhariri, salamu kutoka Chamwino. Naomba kanafasi niongelee hii habari ya kupanda vichaka vya jangwani kwenye malisho, maana kuna watu huku wanatushawishi tupande atripleksi, kile kichaka cha chumvi chenye asili ya Australia na Marekani, eti kinavumilia ukame na udongo utapona wenyewe. Kuvumilia ukame kinavumilia kweli, ila huo udongo kuna mambo hatuambiwi.

Kichaka chochote kinabadilisha udongo, hilo halina ubishi. Nenda kwenye malisho yaliyochoka, chukua jembe, chimba kidogo chini ya mgunga: udongo mweusi, majani yaliyooza, mavi ya mbuzi waliojipumzisha kivulini, mchwa wametoboa toboa, na vumbi laini la upepo limenasa hapohapo. Toka hatua chache tu nje ya kivuli, jembe linadunda kama umepiga sakafu, na mvua ya Desemba ikipiga pale maji yote yanakimbilia korongoni. Sasa mtaalamu akija akachota udongo wa chini ya kichaka tu halafu akatangaza malisho yamepona anatudanganya, kwa sababu ng'ombe hali pale kivulini, anakula huko kwenye upara.

Halafu atripleksi ina la kwake. Mizizi inavuta chumvi kutoka chini, chumvi inakaa kwenye majani, majani yakidondoka inabaki juu ya ardhi. Kwahiyo rutuba, yaani mboji na naitrojeni, inaweza kupanda na sodiamu ya hiyo chumvi nayo ikapanda palepale, na udongo wa mfinyanzi ukizidiwa sodiamu unajifunga, maji hayaingii. Sisi ambao visima vyetu vingi tayari ni maji chumvi hiyo ndo zawadi gani jamani? Na kondoo akila hayo majani anakunywa maji zaidi, mwezi wa kumi, wakati malambo yamebaki matope, nani atamchotea?

Wachina wanalijua hili la maji. Kule Shapotou tangu 1956 walipanda vichaka kwenye mchanga kulinda reli, na kweli juu ya mchanga pakashikana gamba, vumbi likatulia, rutuba ikaongezeka, lakini unyevu wa mchanga kule chini ukapungua na vichaka vyenyewe baadaye vikaanza kufa. Na majirani zetu wa Baringo, Kenya, waliletewa mathenge kuzuia jangwa, mti unaoongeza naitrojeni kabisa, ukipima udongo unafurahi, ila nyasi zimeisha na mbuzi wameoza meno kwa yale matunda matamu mpaka watu wakaenda mahakamani.

Wakati huohuo hapahapa kwetu tuna mfano ambao sijui kwanini hautajwi. Mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, ulianza 1973, na 1979 mifugo ikaondolewa kwenye eneo lililomomonyoka la Kondoa, nyasi na vichaka vikarudi, vingi bila mtu kupanda. Najua kufukuza ng'ombe kuliwaumiza wafugaji na siombi yarudiwe, ila ilionyesha mbegu na visiki vilikuwa bado vipo ardhini. Leo watu wanachipuza kisiki hai, yaani wanatunza visiki vya miti iliyokatwa vichipue tena, wanapogoa mkole na mgunga, wanachimba makingamaji ya nusu mwezi ili mvua iingie pale penye upara, na ndama wanafungiwa nje mpaka machipukizi yapate nguvu. Hiyo kazi haina picha nzuri ya kukabidhiana miche, labda ndo maana.

Ombi langu kwa wanaoleta atripleksi: kabla ya mche wa kwanza chimbeni mashimo mawili, moja chini ya kichaka cha asili, lingine kwenye uwazi, mpime chumvi, mboji na kasi ya maji kuingia. Mkishapanda mrudi kupima mashimo hayohayo kila baada ya masika, na majibu myasome kwenye mkutano wa kijiji, kwa Kiswahili, wafugaji wakiwepo.

Mfugaji, Chamwino