Barua kwa mwanangu: ule ukuta wa Juja Road

Mama,

Ujumbe wako wa juzi nimeusoma mara tatu. Kwamba ukimaliza chuo utajipeleka kwa usajili wa jeshi, na si jeshi lolote, ni la anga tu. Sikukatazi. Ila ule ukuta wa kambi ya jeshi la anga ya Eastleigh, Nairobi, upande wa Juja Road, uliokuwa ukiurukia ukiwa darasa la pili ili uone helikopta zikitua, una habari ambazo sijawahi kukusimulia.

Uwanja ule ni kazi ya Waingereza. Kabla ya Embakasi kufunguliwa 1958, hata abiria wa kawaida walitua hapo Eastleigh. Elizabeth mwenyewe, akiwa bado binti mfalme, alishukia hapo Februari 1952. Mwaka uliofuata zikaja Lincoln, ndege kubwa za injini nne. Zilipaa kutoka hapo hapo zikaenda kumwaga mabomu Nyandarua na Mlima Kenya, walikojificha Mau Mau. Shosho, mama yangu uliyerithi jina lake, alikuwa msichana Nyeri. Alisema mlio wa ndege hizo ulikuwa unauhisi kifuani kabla ya kuusikia, na mbuzi waliacha kula.

Juni 1964 likaundwa Jeshi la Anga la Kenya. Hapo sina mengi, sikuwa nimezaliwa.

Ya 1982, askari wa jeshi hilo walipojaribu kuipindua serikali, niliyashuhudia, kama kulala chini ya kitanda ni kushuhudia. Ilikuwa Jumapili, 1 Agosti, nina miaka tisa. Risasi zilianza kulia gizani upande wa kambi. Kulipokucha redio ikatangaza kwamba serikali imepinduliwa. Shosho aliibana redio sikioni, sauti chini kabisa, githeri ikiungua jikoni na hakuna aliyethubutu kuinuka kuiepua. Kufikia jioni yote yalikuwa yameisha. Jirani mmoja akapita na kichwa cha cherehani begani, bila meza yake, anataka tumhifadhie. Shosho akafunga mlango bila kumjibu.

Ochuka, askari wa cheo cha chini aliyejiita kiongozi wa nchi kwa saa chache, alitoroka na ndege ya jeshi kutoka hapo hapo Eastleigh hadi Tanzania. Alirudishwa, akanyongwa 1987. Jeshi zima la anga likavunjwa, hata wasiokuwa na habari wakawekwa ndani. Lilipoundwa upya liliitwa "82 Air Force", na jina la zamani halikurudi hadi miaka ya tisini. Kambi yetu nayo ikapewa jina la Moi, rais yule yule waliyetaka kumpindua.

Lakini kinachonikaa rohoni ni cha Nanyuki, kwenye kambi nyingine ya jeshi la anga, siku ile ile. Kule waasi waliwalazimisha marubani wapande ndege za kivita za F-5 waje wapige Ikulu. Marubani wakapaa. Mabomu hayakufika Nairobi. Waliyaangusha msituni, Mlima Kenya. Msitu ule ule, Mama. Shosho aliposikia hivyo alicheka hadi akatoa machozi, akasema mlima umezoea.

Hao ndio ninaowawaza kila ukinitajia usajili. Ukiwa juu, na amri imetoka kwa mwenye bunduki, wewe ungegeuza wapi?

Usinijibu kwa simu. Cheti chako cha kuzaliwa kiko kwenye mkebe wa biskuti juu ya kabati, pamoja na cha KCSE. Watu wa usajili huwa wanataka vyeti vyenyewe, si nakala.

Babako